Gari hili linakunywa lita ngapi kweli?

Swali: “Shikamoo mtaalamu. Natafuta gari la kukaa nalo miaka 8. Naendesha kama kilomita 15,000 kwa mwaka, nusu mjini, nusu barabara kuu. Nimebaki na matatu: gari dogo jipya la petroli linalokwenda kilomita 15 kwa lita, haibridi ndogo (petroli pamoja na mota ya umeme) ya miaka 5, kilomita 22 kwa lita, na SUV ya dizeli ya kifahari ya miaka 9, kilomita 11 kwa lita, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Mume wangu anaipenda SUV. Shemeji anasema niachane na yote nichukue la umeme. Lipi litanigharimu kidogo mpaka siku nitakapoliuza?”

Marahaba, dada. Maneno matatu ya mwisho ya swali lako ndiyo yaliyonifanya nikae chini nikujibu kwa kirefu. Wengi wanaonijia huuliza bei ya kununua na ulaji wa mafuta, wakishajibiwa wanaaga. Mimi nilikaa gereji miaka 9 kabla sijapewa kazi ya kusimamia magari ya kampuni pamoja na daftari lake. Kulala chini ya magari kulinifundisha kwa nini yanaharibika. Daftari ndilo lililonionyesha yanamla mtu kiasi gani, na mara nyingi gari lililokuwa likinisumbua gerejini silo lililokuwa likimaliza hela.

Kwanza tukubaliane sarafu. Bei hupanda na kushuka, na hesabu ya noti za leo mwakani imeshachacha. Kwa hiyo mimi huhesabu kwa lita. Kila gharama naigawa kwa bei ya lita moja ya mafuta: sevisi moja ni lita 90, seti ya matairi madogo lita 300, na kadhalika. Kila kitu kinaingia kwenye mzani mmoja, na mwishoni unabaki na swali moja tu: kwa kila kilomita 100, gari hili linakunywa lita ngapi ukijumlisha na zile zisizopita kwenye tangi? Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, nimezikadiria kwa jinsi ulivyonieleza magari yako, na lita ya dizeli nimeihesabu sawa na ya petroli. Ukipata bei zako, futa zangu uweke zako. Miaka 8 kwa kilomita 15,000 ni kilomita 120,000, na hizo ndizo tutakazotembea nazo.

Tuanze na bili ambayo haiji na risiti. Kushuka thamani hulipwa siku moja tu, siku ya kuuza, tena bila kutoa hata senti mfukoni, ndiyo maana hakuumi. Gari jipya katika masoko mengi hupoteza karibu moja ya tano ya bei yake mwaka wa kwanza, na likifika mwaka wa tano aghalabu limebaki na nusu au pungufu. Baada ya hapo mteremko unalala. Tuseme la petroli jipya ni lita 15,000 na baada ya miaka 8 utaliuza kwa 5,250: limekula 9,750. Haibridi unainunua kwa 11,000, unaiuza ikiwa na miaka 13 kwa 3,500: imekula 7,500. SUV unaichukua kwa 9,000, na ukiitoa ina miaka 17. SUV ya dizeli ya kifahari ya miaka 17 hununuliwa na mtu jasiri au mtu anayetafuta vipuri, kwa hiyo 1,500 ni bei ya heri. Nayo imekula 7,500. Umeona? Ile “nafuu” ya lita 2,000 uliyoipata siku ya kununua imerudishwa yote siku ya kuuza, na bado hatujafungua boneti.

Hapa muda wa kukaa na gari una uzito kuliko aina ya gari. Hilo jipya ukiliuza baada ya miaka 3 kwa, tuseme, 9,000, limekugharimu lita 2,000 kila mwaka kwa kushuka tu. Ukikaa nalo miaka 8 ni kama 1,200 kwa mwaka. Anayebadilisha gari jipya kila baada ya miaka mitatu anawalipia wengine sehemu iliyo ghali kuliko zote ya maisha ya gari. Namshukuru, maana ndiye anayetuletea magari mazuri ya miaka mitatu.

Mafuta sasa. Umeniandikia kilomita kwa lita, na kipimo hicho kina mtego. Ukitazama 11, 15 na 22, unaona hatua kubwa ni ya pili: kutoka 15 hadi 22 ni saba, kutoka 11 hadi 15 ni nne tu. Gawa kilomita zako 120,000 uone. Kwa 11 ni lita 10,900, kwa 15 ni 8,000, kwa 22 ni 5,450. Ile hatua ya kilomita nne imeokoa lita 2,900, ile ya kilomita saba imeokoa 2,550! Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliandika kuhusu jambo hilihili katika jarida la Science: watu wakipewa umbali kwa kiasi kimoja cha mafuta, hukosea kukadiria akiba, na dawa ni kugeuza kipimo, yaani lita kwa umbali uleule. Kwa hiyo tuseme SUV inakunywa lita 9.1 kwa kilomita 100, petroli 6.7, haibridi 4.5. Anayetoka kwenye gari mlafi kwenda la wastani anaokoa zaidi ya anayetoka la wastani kwenda la sifa.

Matengenezo ndiko ninakotaka tukae, maana ndiko watu wanakodanganywa na wastani. Kuna ya kawaida: kumwaga oili, filta, plagi, pedi za breki. Hayo yanajulikana na hayajawahi kumfilisi mtu. Katika kilomita 120,000 utafanya sevisi 12 hivi. Kwa magari yale mawili madogo niliweka lita 90 kila moja, jumla 1,080. Kwa SUV niliweka 200, kwa sababu injini kubwa inameza oili nyingi zaidi, na oili yenyewe ni ya daraja maalumu ili isizibe kichujio cha masizi kilichoko kwenye bomba la moshi. Jumla 2,400.

Halafu kuna yale yanayokuja mara moja. Gari halikuletei bili kidogo kidogo kama maji. Linakaa kimya miaka miwili, halafu siku moja linakuomba gharama ya gari zima. Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi: gari huzeeka bei, kipuri chake hakizeeki. SUV ile ilipokuwa mpya pengine iliuzwa kwa lita 45,000. Wewe unainunua kwa moja ya tano. Lakini tabo yake (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), giaboksi yake, taa zake za mbele, bado bei zake ni za gari la lita 45,000. Yaani umenunua gari kwa bei ya maskini, na vipuri utanunua kwa bei ya tajiri aliyelinunua mwanzo.

Hili nalisema kwa sababu liliniuma. Niliwahi kununua sedani moja ya kifahari, ya miaka kumi, yenye shokapu za upepo. Ilikuwa kama kukaa sebuleni. Asubuhi moja nikaikuta imeinama kona ya mbele kushoto, kama ng’ombe anayetaka kulala. Nilikuwa fundi, nikajua ni mpira wa shokapu umepasuka, na nilijua pia kuwa wa kulia ni pacha wake, haumalizi mwaka. Shokapu mbili hizo zilikula robo ya bei niliyonunulia gari lote. Na bado kompresa yake, ambayo ilikuwa imekesha ikijaza upepo unaovuja, ilikufa mwezi wa tatu.

Kwa dizeli ya kisasa kuna zaidi. Mfumo wake husukuma mafuta kwa mgandamizo wa baa 1,600 mpaka zaidi ya 2,000. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, ni baa 2 na kidogo. Kwa mgandamizo huo, maji kidogo au uchafu kwenye tangi unatosha kuua noseli, yaani vipuliza mafuta vya injini, na noseli ni nne au sita, na pampu nayo ikianza kujisaga vipande vyake husafiri hadi kwenye noseli zote. Kisha kichujio cha masizi. Kinakusanya masizi, na ili kiyachome kinahitaji moshi wa joto la nyuzi 600 hivi, ambalo hulipati kwa kupeleka watoto shule kilomita nne na kurudi. Injini ikijaribu kuyachoma masizi hayo katika safari fupi, magari mengi huongeza dizeli ndani ya silinda, na isiyoungua inateremka kwenye oili. Ukiona oili inapanda kwenye kijiti cha kuipimia badala ya kushuka, usifurahi: hiyo ni dizeli imeingia kwenye oili, na oili iliyozimuliwa hailindi beringi wala tabo. Wewe nusu ya safari zako ni mjini. Dizeli hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa barabara kuu, anayewasha asubuhi na kuzima baada ya kilomita 150.

Kwa hiyo makubwa ya SUV niliyatengea lita 5,000 kwa miaka minane: noseli, tabo, kichujio, na kitu kimoja cha giaboksi. Unaweza kuniona mkali. Mimi naona nimekuwa mpole.

La petroli jipya lina bahati ya kuanza na dhamana, na makubwa yake ni machache. Kama injini ina mkanda wa taimingi (unaopatanisha vali na pistoni) na si cheni, utaubadilisha kwenye kilomita 100,000 au pale kitabu kinapoagiza. Usiuvutie siku: katika injini nyingi ukikatika, vali hukutana na pistoni, na mkanda wa mpira unageuka kuwa injini mpya. Pamoja nao badilisha pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Weka pia betri na oili ya giaboksi. Vitabu vingine vinasema oili ya giaboksi ni ya maisha. Maisha ya nani? Mwenye kiwanda akisema maisha, mara nyingi ana maana ya miaka ya dhamana. Imwage kila baada ya kilomita 60,000. Jumla nimeweka 700.

Haibridi inawatisha watu bure kwa upande mmoja na haiwatishi vya kutosha kwa mwingine. Kama ni ya mfumo ambao Toyota iliuingiza sokoni na Prius mwaka 1997, haina klachi, haina stata wala altaneta ya kawaida, na giaboksi yake ni gia chache za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) zenye mota mbili. Hakuna mkanda wala sahani za kuchakaa. Breki zake hudumu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na mota inayogeuka kuwa jenereta. Kinachozeeka ni betri kubwa. Inazeeka kwa kilomita, inazeeka kwa miaka, na zaidi inazeeka kwa joto. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni vipande 28 vilivyofungwa kwa mfululizo, na vikidhoofu viwili tu, 26 vizima haviwezi kukusaidia. Kuna mafundi wanaobadilisha kile kibovu tu. Inafanya kazi, miezi kadhaa, kisha kinakufa jirani yake, maana vyote vina umri mmoja. Nimekuwekea lita 2,000 kamili kana kwamba utabadilisha betri nzima. Ikidumu, hiyo ni akiba yako.

Matairi nayapita haraka, ila angalia ubavuni mwa tairi kabla hujalipenda gari. Penye 185/65 R15 unanunua popote kwa amani. Penye 255/50 R20 seti moja inaweza kuwa mara mbili na nusu au tatu, na kama gari linaendesha magurudumu yote manne, ukipasua moja huenda ukalazimika kununua mawili au manne ili yalingane. Kwa seti inayodumu kilomita 40,000: petroli 600, kwa kuwa linakuja na seti mpya, haibridi 900, SUV 2,400. Breki, bushi na shokapu: 800, 900 na 2,000.

Kimebaki kitu cha mwisho, nacho ni hela yenyewe. Kama umekopa, riba unaiona. Kama umelipa taslimu, huioni lakini ipo, kwa sababu hela hiyo ingekuwa inazaa mahali pengine. Nimehesabu asilimia 5 kwa mwaka ya thamani ya wastani ya gari, na bima asilimia 4. Hapo gari la bei kubwa linaumia: petroli jipya 7,290, haibridi 5,220, SUV 3,780. Ndilo eneo pekee ambalo SUV yako inaongoza.

Tujumlishe, tangu kushuka thamani mpaka bima. Petroli jipya ni lita 28,220. Haibridi 23,050. SUV 33,980. Gawa kwa kilomita zako: petroli jipya linakunywa lita 23 na nusu kwa kilomita 100, haibridi 19, SUV 28. Kumbuka kwamba kwenye tangi petroli jipya linaonyesha 6.7 tu. Tangi linakuonyesha chini ya theluthi moja ya unywaji wake.

Ungeweza kuishia hapo ukanunue haibridi, na usingekuwa umekosea. Lakini hesabu yenyewe ina kasoro niliyoiona nilipokuwa nikiipitia mara ya pili, na haki yako uijue. Nimelinganisha gari jipya na la miaka mitano, halafu nikaipa haibridi sifa zote. Tofauti yao ni lita 5,170. Mafuta humo ni 2,550, chini kidogo ya nusu. Iliyobaki haikutokana na uhaibridi, imetokana na umri: mtu mwingine ameshalipa ile miaka mitano ya mteremko mkali. Basi nikaweka mezani gari la nne ambalo hukulitaja, yaani gari lilelile dogo la petroli lakini la miaka 5. Linunue kwa 9,000, uliuze kwa 3,000. Mafuta 8,000, sevisi 1,080, matairi 900, breki na shokapu 900, makubwa 1,000, bima na riba 4,320. Jumla 22,200, yaani lita 18 na nusu kwa kilomita 100.

Limeipita haibridi kwa lita 850 katika miaka minane. Hiyo si tofauti ya kugombania. Seti moja ya matairi iliyoisha mapema na sevisi chache zinaimaliza. Ila inakuonyesha kwamba haibridi na petroli la umri mmoja, kwa mwendo wako, yako sawa, na kinachoamua ni zile lita 2,000 za betri. Betri ikifika mwisho nawe bila kubadilishwa, haibridi inashuka hadi 21,050 na inashinda. Ikifa, inashindwa.

Mwendo wako ukibadilika, jibu nalo linabadilika. Ungekuwa unatembea kilomita 5,000 kwa mwaka, haibridi ingekuokolea lita 850 tu za mafuta kwa miaka yote minane, wakati betri inazeeka vilevile ikiwa imeegeshwa; hapo ningekwambia chukua petroli bila kufikiri. Ungekuwa unafika 25,000, akiba ya mafuta ingepita lita 4,200 na haibridi ingeshinda hata ukinunua betri. Wewe uko katikati kabisa. Kwa hiyo kabla ya yote kagua daftari lako la mwaka jana, kama unalo. Mali bila daftari huisha bila habari, na watu wengi wanaoniambia wanaendesha 15,000 nikisoma dashibodi yao nakuta 9,000.

Shemeji hajakosea, ila amejibu kabla hajauliza unachajia wapi. Gari dogo la umeme linatumia kama yuniti 16 kwa kilomita 100, na ukiweka zinazopotea wakati wa kuchaji ni 18 hivi. Kwa kilomita 120,000 ni yuniti 21,600. Chukua bei ya lita ya mafuta, igawe kwa bei ya yuniti moja ya umeme. Ikitoka 8, umeme wako wote ni sawa na lita 2,700, nusu ya haibridi. Lakini kama hutachajia nyumbani na utategemea chaja za haraka za barabarani, ambako lita moja pengine inanunua yuniti 3 tu, unafika 7,200 na haibridi inakucheka. Oili hakuna, plagi hakuna, pedi zinadumu. Matairi ndiyo huisha mapema kwa sababu ya uzito na nguvu za kuondokea. Betri za magari mengi ya umeme hupewa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwa ahadi kwamba hazitashuka chini ya asilimia 70. Ukinunua lililotumika, uliza kwanza betri inapozwaje. Nissan Leaf, iliyotoka mwishoni mwa 2010, haikuwa na mfumo wa kupoza betri kwa maji, na kwenye joto kali nyingi zilipoteza uwezo mapema. Kwenye dashibodi yake kuna vipau 12 vidogo vya afya ya betri. Hesabu hivyo kabla ya kuhesabu kilomita. Gari la umeme lililotumika hushuka bei kwa kasi, na kwa anayenunua hiyo ni habari njema kama betri ni nzima.

Mume wako mwambie hivi: SUV inamgharimu kama lita 11,000 zaidi ya haibridi. Hiyo ni haibridi nyingine nzima. Akisema anaitaka kwa raha yake, ni sababu halali, watu hununua raha kila siku, mradi iandikwe kwenye daftari kama raha na si kama akiba.

Basi kazi yako wiki hii ni betri ya haibridi. Mtafute fundi mwenye kompyuta ya kusoma volti ya kila kundi la seli, siyo ile ya kufuta taa ya injini tu. Akae kiti cha abiria akisoma, wewe uendeshe: panda mlima kwa nguvu, kisha shuka ukifunga breki polepole. Makundi yote yapande na kushuka pamoja. Likitokea moja linaloanguka mbali na wenzake kwenye mlima na kuruka juu yao kwenye mteremko, hilo ndilo linalokufa. Kisha fungua mlango wa nyuma, tafuta tundu la hewa pembeni ya kiti au chini yake. Ndiyo pua ya betri. Utoe mfuniko uone filta. Nimewahi kutoa hapo bonge la manyoya ya mbwa kama mto mdogo, na mwenye gari anashangaa kwa nini feni inapiga kelele. Filta ikiwa imeziba, betri imepikwa muda mrefu hata kama leo inasoma vizuri.

Betri ikipita majaribio yote mawili, nunua haibridi kwa ile bei ya 11,000. Ikisuasua, mpe muuzaji 9,000, ueleze kwamba 2,000 ni za betri, na umwonyeshe tarakimu za kompyuta. Akikataa, nenda katafute lile dogo la petroli la miaka mitano, na ukilipata niandikie kilomita zake na kama injini ni ya mkanda au ya cheni.